Programu ya Kumrekodi Shangazi

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ujanani aliimba chakacha harusi kwa harusi, kuanzia hapo mjini hadi Pangani na Mkinga, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemrekodi. Hakuna kanda, hakuna sahani. Hata ile video ya harusi ya miaka ya tisini, ambayo ndani yake anaonekana kabisa amesimama mbele na leso begani, mpiga picha aliifunika kwa muziki wa kinanda. Mdomo unacheza, sauti haipo.

Mwaka juzi nilikwenda kumjulia hali nikamkuta anachambua mchele huku anaimba kwa chini, na akipanda juu sauti inamkatikia. "Koo limezeeka, baba," akaniambia, kama mtu anayezungumzia kitasa cha mlango. Nikaondoka pale na jambo moja kichwani: nimrekodi.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kinasa sauti ninacho, na ningeweza kumwekea mbele ya mkeka kama ninavyomwekea diwani mezani, nikabonyeza, kazi ikaisha. Lakini nilitaka sauti yake ikae peke yake na ngoma zikae peke yake, niweze kuongeza hiki na kupunguza kile. Nilitaka, kwa kifupi, studio ya nyumbani. Basi nikaanza kuuliza swali ambalo kila kijana mwenye laptopu huanza nalo: nitumie programu gani?

Mpwa wangu, anayetengeneza biti chumbani kwake Makorora, hakufikiria hata sekunde. "FL, anko. Kwani kuna nyingine?" Nikawauliza wengine wanne, wawili Tanga na wawili Dar. Watatu wakasema FL. Wa nne akasema Cubase, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba na FL anayo.

Jibu likija haraka namna hiyo, mtu wa kazi yangu hupata shaka. Nikataka kujua hizi programu zilitoka wapi, zilitengenezwa kurekodi nini, na sisi wa pwani tulikuwa tunarekodiwa vipi kabla hazijafika.

Kabla hazijafika, kurekodi kulikuwa safari. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwa sababu mashine za kukata sahani, za wenye lebo ya His Master's Voice, zilikuwa huko. Aliyetuandikia maisha yake ni mtu wa kwetu, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga. Shuleni tulikisoma kitabu kile kama kitabu cha maadili: bidii, subira, heshima. Nilipokirudia mwaka juzi nilikisoma kama mtu anayetafuta studio, na kilichonikaa ni meli. Sauti ilisafirishwa mpaka kwa mwenye mashine, naye ndiye aliyejua wimbo ukate wapi ili uenee kwenye upande mmoja wa sahani.

Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa na muziki kuliko ilivyokuwa na mashine. Mkonge ulikuwa umeleta watu kutoka kila upande wa nchi. Jamhuri Jazz, kabla ya kuitwa Jamhuri, iliitwa Young Nyamwezi, na jina hilo linakuonyesha wenyewe walikuwa kina nani. Atomic Jazz walikuwa washindani wao, na wazee wa Tanga mpaka leo watakugombania nani alikuwa zaidi. Kwenye taarab walikuwepo Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star, waliofanya jambo ambalo Unguja wangeliona utovu wa adabu: wakaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarab, nyimbo zikapata mwendo wa kuchezeka. Huko ndiko alikochanua Shakila, binti wa Pangani.

Sasa tafuta sahani zao zilitoka wapi. Za Black Star zilitoka chini ya lebo ya Mzuri, Mombasa. Tazama ramani utaelewa: kutoka Tanga, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, walihamia Arusha mwaka 1970 kisha wakavuka kuingia Kenya, wakawa Simba Wanyika. Gitaa lile tunaloliita la Kenya lilijifunza kutembea Tanga. Mwaka 1989 nyimbo za Black Star na Lucky Star zilitolewa upya na GlobeStyle ya London kwa jina la Nyota. Mtu wa London alizipata dukani kwa urahisi kuliko mtu wa Chumbageni.

Kwa upande wetu wa mpaka kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilisafiri, mashairi yakapitiwa kwanza, halafu watu wote wakaingia chumbani na kupiga wimbo mzima kwa pamoja. Mpiga tarumbeta akikosea, wote wanarudi mwanzo. Tunapenda kuusifia utamu wa rekodi zile kama vile ulitokana na zama zenyewe. Sehemu yake ilikuwa hiyo tu: watu wengi, chumba kimoja, maikrofoni chache, na hofu ya kumharibia mwenzako.

Miaka ya 1990 zikaja studio za watu binafsi, Mawingu, za Master J, kisha Bongo Records ya P-Funk Majani, zote Dar. Wagosi wa Kaya walipotuletea rap yenye lafudhi ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, tuliitikia kwa fahari kana kwamba tumetajwa bungeni. Lakini njia ya kufika redioni bado ilipita stendi ya basi la Dar. Kijana wa Tanga mwenye wimbo alihitaji nauli, mwenyeji wa kumlaza, na pesa ya studio. Wengi walipata viwili kati ya hivyo vitatu.

Programu ya kompyuta ndiyo iliyofuta safari hiyo. Kwa hilo siwezi kuisema vibaya, na msomaji ukiniona huko mbele nalalamika, kumbuka nimelisema hili kwanza.

Ni kitu gani hasa, programu ya kupanga muziki? Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani, wakiongozwa na Dave Smith na Ikutaro Kakehashi wa Roland, walikubaliana lugha moja ya vinanda kuzungumza, wakaiita MIDI. Watu wengi hudhani MIDI ni sauti. Sivyo. MIDI ni maagizo: nota namba 60, ibonyezwe sasa, kwa nguvu kiasi hiki, iachiwe baadaye. Kama barua ya kumwagiza fundi. Sauti yenyewe anayo fundi. Nota ziko 128, kuanzia sifuri hadi 127, na kati ya 60 na 61 hakuna kitu. Mwimbaji anayepita katikati, kama waimbaji wetu wanavyopita, itabidi umwandikie agizo la ziada la kupinda.

Programu za mwanzo za kupanga muziki zilikuwa madaftari ya maagizo hayo. Cubase ya kampuni ya Steinberg, Hamburg, ilitoka mwaka 1989 kwa kompyuta za Atari, ambazo zilikuwa na matundu ya MIDI tangu kiwandani. Ndiyo iliyozoesha watu sura tunayoijua leo: muda unakwenda kushoto kwenda kulia, vyombo vimepangwa juu kwenda chini, kila kimoja na mstari wake. Ukiitazama utagundua ni picha ya utepe wa kanda. Baadaye kompyuta zilipopata nguvu, sauti yenyewe ikaingia kwenye mistari hiyo.

FL ina ukoo mwingine kabisa. Kijana wa Ubelgiji, Didier Dambrin, aliitengeneza kwa ajili ya kampuni ya Image-Line, na toleo la kwanza lilitoka mwisho wa mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, likabadilishwa kuwa FL Studio mwaka 2003. Mwanzoni ilikuwa mashine ya ngoma tu ndani ya kioo. Safu ile ya vitufe 16 unavyowasha na kuzima inatokana na mashine za ngoma kama TR-808 ya Roland ya mwaka 1980, yenye vitufe 16 vya kweli, vya rangi. Unawasha cha kwanza, cha tano, cha tisa, cha kumi na tatu, na umepata mdundo wa disko kabla chai haijapoa. Mtu asiyejua kupiga chombo chochote anaweza kutengeneza biti. Kwa kijana wa Makorora asiye na gitaa wala mwalimu wa gitaa, huo ulikuwa mlango. Ndiyo maana jibu la mpwa wangu lilikuwa la haraka.

Nikaanza na FL basi. Mara ya kwanza nilinunua nakala kwenye duka moja la kompyuta kwa bei ya sahani ya wali na samaki, ikiwa imechakachuliwa, na ikaja na virusi vilivyonilia picha za mwaka mzima. (Chakacha na kuchakachua, kwa kadiri nijuavyo, hawana undugu. Wiki ile nilishuku wanao.) Nikafuta kila kitu nikapakua toleo la majaribio kutoka kwa wenyewe. Hilo lina sharti la ajabu kidogo, lililoandikwa wazi ila mimi sikulisoma: kuhifadhi kazi unaweza, kuifungua tena huwezi mpaka ulipie. Nikapoteza usiku wa siku mbili. Na nilipokwenda kulipia nikasoma masharti kwa makini safari hii, nikakuta toleo la bei ya chini kabisa wakati huo lilikuwa halirekodi sauti ya mtu. Kwa biti lilitosha. Kwa shangazi, halikutosha. Bei ya chini ya programu inakwambia waliitengeneza wakimfikiria nani.

Nikamwazima mpwa wangu yake, aliyoilipia kwa pesa ya harusi tatu alizopiga muziki. Ilifunguka kwenye mapigo 130 kwa dakika, vitufe 16 vikinisubiri.

Sasa chakacha. Ukitaka kuihesabu, kila pigo kubwa hugawanyika mara tatu, na mzunguko wake ni wa vipigo 12. Kumi na sita haigawanyiki kwa tatu. Nilipojaribu kupanga mdundo wa chapuo kwenye vitufe 16, ulitoka kitu kilichokuwa kinachechemea, na nikimchezea mpwa wangu akatikisa kichwa kwa furaha, akasema "hii kali." Ilikuwa kali kweli. Haikuwa chakacha.

Njia ipo. Kwenye mipangilio unaiambia programu kila pigo ligawanywe mara tatu badala ya nne, vitufe vinakuwa 12. Tangu FL Studio 20 ya mwaka 2018 unaweza hata kuchanganya hesabu mbalimbali ndani ya wimbo mmoja. Lakini lazima ujue unatafuta nini. Mipangilio iko ndani, milango miwili au mitatu mbele, na nne ndiyo iliyokaa kibarazani. Mpwa wangu alikuwa na programu ile miaka mitano na hakuwahi kuifungua milango hiyo, kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba ngoma za bibi zake zinahesabiwa tatu. Alizicheza tangu mtoto. Mwili unajua, mkono wenye kipanya haujui.

Hapo nilikuwa tayari kuandika makala ya hasira kuhusu gridi ya Mzungu na Mjapani inavyotunyoosha. Aya mbili nilishaziandika. Kisha nikasikiliza tena Black Star, na hasira ikakosa pa kukaa. Gitaa lina vyuma shingoni. Kila chuma ni kisanduku cha gridi, na kati ya chuma na chuma hakuna nota, kama ilivyo kati ya 60 na 61. Watu wa Tanga walilichukua chombo hicho miaka ya 1960, bila kumwomba mtu ruhusa, na wakakipa kazi ya kusindikiza sauti ambayo haikubali vyuma. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ikafanya vivyo hivyo na kinanda, kimoja kikifanya kazi ya watu kumi. Vijana wa mchiriku wa Dar walichukua vinanda vidogo vya Casio, vinavyofanana na vya watoto kuchezea, wakavipitisha kwenye spika kubwa mpaka vikalia. Watu wetu hawajawahi kuogopa mashine yenye hesabu za kigeni. Kwa hiyo nikaacha kuuliza kama programu ni mbaya, nikauliza kazi yangu mimi ni ipi.

Kazi yangu ilikuwa mwanamke mzee, ngoma mbili, na mwendo usiotulia. Siku ya kwanza nilikwenda na laptopu, vipokea sauti vya masikioni na mdundo wangu wa vitufe 12 uliotulia kabisa. Nikamvalisha shangazi. Akaimba mistari miwili akavivua.

"Kuna mtu ananiigiza kwa nyuma."

Huyo mtu ni ucheleweshaji, na mwenye kurekodi nyumbani lazima amfahamu. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inajaza kikombe, kikijaa inakimwaga. Sekunde moja ya sauti ya kiwango cha CD ni vipimo 44,100. Kikombe cha vipimo 512 hujaa kwa takriban milisekunde 12, cha 2,048 kwa milisekunde 46, na vikombe ni viwili, cha kuingia na cha kutoka. Mtu anajisikia akiwa amechelewa. Dawa ni kupunguza kikombe, na kwenye Windows kutumia njia ya ASIO, ambayo Steinberg hao hao waliitoa mwaka 1997 kupunguza tatizo hilo. Ukikipunguza sana, laptopu dhaifu inaanza kukwaruza. Ya kwangu ilikwaruza. Nikazima kabisa sauti ya kurudi, nikamwachia shangazi sikio moja wazi ajisikie mwenyewe.

Akaanza tena, juu ya mdundo wangu. Baada ya muda akanitazama. "Mwambie huyo anayegonga anyamaze, au apige sawasawa."

Yule anayegonga alikuwa anapiga sawasawa kuliko mtu yeyote aliyewahi kupiga ngoma Tanga. Nilipozima mdundo na kumwacha aimbe peke yake, nikapima baadaye: alianza kwenye mapigo 96 kwa dakika na akamaliza kwenye 108. Nikamwambia. Hakuona ajabu yoyote. Wimbo wa kumtoa bibi harusi, akanieleza, unaanza mlango ukiwa umefungwa na unaisha yuko nje. Kama mwendo haujapanda, huyo bibi harusi hajatoka.

Basi gridi ikaondoka, na pamoja nayo ikaondoka sababu ya kutumia programu iliyozaliwa kama mashine ya ngoma. Nilihitaji ukoo ule mwingine, wa utepe. Nilifikiria Audacity, ambayo ni ya bure tangu mwaka 2000 na inatosha kabisa kwa mahojiano; ndiyo nitakayompendekezea mtu asiye na senti anayetaka kurekodi bibi yake leo jioni. Nikaishia kwenye Reaper. Ni ndogo, bando la siku moja linaishusha na chenji inabaki. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mwanzilishi wake, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp. Kama uliwahi kukaa kwenye intaneti kafe yoyote ya Tanzania miaka ya 2000 unaijua Winamp, ile iliyokuwa wazi pembeni ya kila kioo, ikicheza nyimbo zilizotoka hakuna anayejua wapi. Yule aliyetusaidia kusikiliza ametusaidia na kurekodi. Niliipenda habari hiyo kuliko inavyostahili.

Siku ya pili sikuja na mdundo. Shangazi aliwaita wenzake wawili wa zamani, mmoja wa chapuo na mmoja wa vumi, na wote watatu wakakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimeazima maikrofoni nzuri kwa rafiki wa redioni na kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili. Nikaweka maikrofoni moja karibu na mdomo wa shangazi na nyingine mbali kidogo, juu ya ngoma. Ile ndoto yangu ya kutenganisha kila kitu ilikufa hapo hapo, maana ngoma zilisikika kwenye maikrofoni ya sauti na sauti ikasikika kwenye maikrofoni ya ngoma. Wa vumi akikosea, wote walirudi mwanzo. Walicheka sana waliporudi mwanzo. Nilichokuwa nimekijenga ndani ya chumba cha Ngamiani, kwa vifaa vya karne hii, kilikuwa ni utaratibu wa Radio Tanzania.

Tulipata nyimbo kumi na moja kwa siku tatu. Mbili sauti ilimkatikia katikati, na akakataa kuzirudia. Akasema ziache hivyo hivyo, watu wajue na koo nalo lina umri.

Kuna jambo moja la kuhifadhi ambalo nadhani halisemwi vya kutosha kwa vijana wanaorekodi nyumbani. Faili la mradi, lile unalolihifadhi ndani ya FL au Reaper au yoyote, mara nyingi halina wimbo ndani yake. Lina maagizo: chukua sauti ile kutoka folda ile, ipitishe kwenye kifaa kile. Likipelekwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na folda wala kifaa, linafunguka likiwa na matobo. Nimewauliza vijana watatu wa Tanga waonyeshe kazi zao za miaka kumi iliyopita. Wanazo MP3 walizotumiana kwa simu. Miradi yenyewe ilikufa na laptopu, au iko kwenye toleo la wizi lisilofunguka tena. Kanda za Radio Tanzania, pamoja na vumbi na joto la Dar, ziliishi miongo, na leo ziko TBC. Sijui muziki wa vyumbani wa miaka hii tutausikilizia wapi. Mimi nilitoa kila wimbo wa shangazi kama faili la kawaida la WAV, ngoma peke yake, sauti peke yake, vyote pamoja, nikaweka nakala kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti.

Nakala ya tatu nilimpa mpwa wangu, na hapo hadithi ikapata mkono mwingine.

Mpwa wangu hupiga singeli. Kama hujawahi kuisikia, ni muziki wa uswahilini Dar unaokimbia mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, na baadhi ya mizizi yake iko kwenye vipande vya taarab vilivyokatwa, kuzungushwa na kuongezwa kasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na ghafla vijana wanaotumia FL na kompyuta za kawaida wakawa wanapigiwa makofi Ulaya. Kwa hiyo kijana wa Makorora anapokata taarab na kuikimbiza, yuko kwenye desturi tayari. Aliichukua sauti ya shangazi, akaikata vipande, akaipandisha kasi, akaweka chini yake ngoma za vitufe. Vitufe 12, nikaona. Milango alikuwa ameifungua.

Nilidhani shangazi atakasirika. Tulimpelekea Ijumaa baada ya Asri, kwenye spika ndogo ya bluetooth. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akaomba irudiwe. Kisha akamwuliza mpwa wangu swali ambalo wala mimi sikuwa nimeliona.

"Mbona umenitoa pumzi?"

Alikuwa amezitoa kweli. Kati ya mstari na mstari kulikuwa na mahali shangazi anavuta hewa, na kijana, kama alivyojifunza kwenye video za mafunzo, alizifuta zote ili sauti itoke safi. Shangazi akamweleza kwamba pale anapovuta pumzi ndipo wa chapuo anapojua kuingia. Ukiitoa, anayesikiliza hajui nani anamwita nani.

Kijana hakubisha. Alikaa pale pale kibarazani na laptopu mapajani, chaji asilimia 20 na umeme umekatika tangu mchana, akafungua mradi, akaanza kuzirudisha moja moja kutoka kwenye faili langu la WAV. Kila akirudisha moja anampa asikilize. Ya nne shangazi alisema imewekwa mbele mno. Akaisogeza nyuma, nje ya mstari wa gridi, kwa kubonyeza Alt ili programu isiivute kurudi.

"Hapo," akasema shangazi. "Hapo hapo."